Nta Juu ya Mikono ya Mama Mkubwa

Karakana ya Viatu,
Mlango wa kijani, mkabala na kinyozi.
Jumanne, tarehe 19.

Mpendwa mwanangu Kisigino,

Kabla hata hujakaa vizuri, jua kwamba barua unayoisoma imeandikwa na bingwa wa ngozi. Madaktari wa hospitali kuu walinifuata hadi hapa kibandani, wakavuta stuli, wakaniuliza mambo ya ngozi, nikawafundisha mpaka jua likazama.

Uongo. Hakuna aliyenifuata. Mimi ndiye niliyekwenda kwao, kofia mkononi, na aliyefundishwa ni mimi. Nitafika huko. Kwanza salamu, nisije nikaonekana sikulelewa.

Hujambo mwanangu? Mgongo wako unaendeleaje? Na mumeo mrefu, bado anagonga kichwa mlangoni? Mimi sijambo kwa hesabu za kizee: meno sita, jicho moja na nusu, na mdomo mzima. Uliniandikia kwamba bado unafua mashuka ya hoteli, mia mbili kwa siku. Nilicheka peke yangu hadi mteja akadhani nakicheka kiatu chake. Wewe, kufua mashuka! Mungu naye ana utani. Unajua ninachosema, na kama umesahau nitakukumbusha mwishoni.

Mama Mkubwa wako hajambo ya kusema tu. Ile baridi yabisi imemshika mikono yote miwili. Vidole vimejikunja kama viatu vilivyolowa vikaanikwa juani. Yule aliyekuwa akishona ngozi ngumu kwa shazia, ile sindano nene, bila hata kuitazama, leo mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya gauni. Ananitukana nikimfunga. Siku asiponitukana ndipo ninapoogopa.

Vidonge ulivyotuletea safari ile vilimchoma tumbo, akakatazwa. Ndipo hospitali wakatuambia kuna dawa mpya ya kupaka inayojaribiwa, akaandikwa kati ya watu kumi na wawili. Daktari alitueleza taratibu, maana aliniona nimekunja uso. Alisema ngozi ya mtu ni ukuta, na dawa nyingi zikipakwa hubaki nje kama mgeni asiyeitikiwa hodi. Hii wameifungasha ndani ya chembe ndogo mno, ndogo hivi kwamba unywele ukilala karibu nazo utaonekana gogo. Chembe hizo hupenya kwenye nyufa za ukuta, zikishafika ndani zinaimwaga dawa palepale panapouma. Tumbo halina habari.

Masharti yalikuwa machache. Osha mikono kwa maji, kausha, paka dawa kidogo asubuhi na jioni, na usipake kitu kingine chochote.

Sasa sikia fundi viatu alivyofikiri. Miaka arobaini na tatu nimeshika ngozi. Ngozi kavu hainywi kitu. Ukitaka ilainike, unaianza kwa mafuta. Na mikono ya Mama Mkubwa wako ilikuwa imekauka hadi inakwaruza shuka. Kwa hiyo kila asubuhi na jioni, kabla ya dawa yao, nilimkanda kwa dawa yangu, ule mchanganyiko wa mafuta ya ng'ombe na nta ninaoupaka kwenye mabuti ya wachimba mitaro.

"Walisema tupake na hiyo?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Wao wanajua wagonjwa. Ngozi najua mimi."

Akaninyooshea mikono. Ndivyo alivyoniamini, mwanangu.

Wiki nane. Kila baada ya wiki mbili walimpa mpira wa kuminya wenye mshale wa kupimia nguvu, na mshale haukutikisika. Mishale ya wenzake ilisogea. Mwishoni nesi mkuu akasema kwa upole kwamba dawa haikumkubali, jina lake limeondolewa, turudishe kopo. Mama Mkubwa wako hakulia. Njiani alisema tu, "Mwili wangu umechoka kusaidiwa." Tulipofika nyumbani akazitoa sindano zake zote, zile alizozifunga kwenye kitambaa cha bluu, akampelekea mshonaji wa jirani. Nilibaki nimesimama na kiatu cha mtu mkononi, sijui ni cha kushoto au cha kulia.

Juzi nikalirudisha kopo. Kwenye benchi nilimkuta dereva mstaafu, mmoja wa wale kumi na wawili, anafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, anafungua, anafunga tena, kama mtoto. Nikamwuliza alikuwa anapakaje.

"Mikono mikavu kabisa, mzee. Niliuliza kama naweza kutia mafuta kidogo, nesi akanirukia! Akasema mafuta na nta ni kumvalisha mtu koti la mvua halafu ukamwogesha."

Koti la mvua! Unakumbuka ninavyowaambia wateja? "Nikikupakia nta hii, hata tone halipiti." Miaka arobaini na tatu nauza maneno hayo. Nikampaka mke wangu nta isiyopitisha tone, kisha nikakaa kungoja dawa ipite.

Nilikaa pale mpaka watu wakaisha, ndipo nikabisha kwa nesi mkuu. Nilianza na mzaha, si unanijua. Hakucheka.

"Kwa nini hukusema, mzee, hata siku moja?"

"Hukuniuliza, binti."

"Ngozi ya kiatu imekufa, ifanye utakavyo. Ya mkeo iko hai, mzee. Inakula unachoilisha."

Nikaivaa kofia yangu, nikaivua tena.

Akaniambia dawa ya awamu hii imeshagawanywa yote. Nyingine ni baada ya miezi saba, na haahidi kitu. Jina litafikiriwa upya iwapo tu mgonjwa mwenyewe ataeleza kwamba masharti hayakufuatwa, na namna yalivyovunjwa, kisha atie saini. Yeye mwenyewe, si mimi. Akanipa fomu, irudi kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Fomu iko ndani ya buti la mteja aliyefariki, buti ambalo hakuna atakayekuja kulidai. Kila nikipita nageuza uso. Na kila asubuhi namwona Mama Mkubwa wako akinyanyua kikombe kwa viganja viwili, anaamini mwili wake ndio uliokataa. Haukukataa. Haukupewa. Hata nikisema leo, miezi saba ni mirefu kwa vidole vinavyozidi kujikunja, naye si msichana.

Msalimie mumeo, mwambie ainame. Wasalimie wanao, mdogo mwambie viatu vyake nimeshavikata, nisipomtumia mapema mguu utavikimbia. Kinyozi wetu anakusalimu, na mdogo wako wa kiwandani pia, ingawa hakuniambia, namsemea. Mungu akukinge na mvuke wa mashine za kufulia huko hotelini, akuachie viganja vyako vikiwa laini mpaka uzeeni. Kama ni kupaka, paka chochote, ila kisiwe changu.

Sasa lile nililokuahidi. Ulikuwa na miaka tisa ulipomwaga chupa nzima ya rangi ya viatu, ile ya kahawia, juu ya shuka jeupe la Mama Mkubwa wako, alilopewa na marehemu mama yake siku ya harusi. Ukajificha nyuma ya mashine ya kushonea. Nikasema ni mimi. Miaka thelathini sasa, kila akitandika kitanda ananiambia, "Mikono yako wewe, haigusi kitu kikapona." Nililibeba neno hilo kwa kicheko kwa sababu lilikuwa la uongo. Limenigeukia.

Mwandikie, mwanangu. Si mimi, yeye. Mistari miwili tu inatosha, kwamba shuka lilikuwa lako. Itume barua hiyo upesi, ifike kabla sijaitoa ile fomu kwenye buti. Nataka siku nitakayokaa mbele yake niwe na kosa moja tu.

Wako akupendaye, kwa mikono hiihii,

Baba Mkubwa