Fundo la Mti wa Nkoaranga

Sekei, Arusha

Dada yangu Tusekile,

Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Na viazi, mmeshamaliza kuchimba au baridi ya Makete imewafungia ndani? Huku Mlima Meru umejifunika wiki nzima na mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo sitakudanganya.

Shemeji alikupigia simu akakwambia ubao ulikuwa na fundo, mashine ikaukataa, akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tangu hapo nami nimekupigia mara tatu, na kila mara nikaishia kuuliza habari za mvua. Ndiyo maana naandika.

Mashine yenyewe hujawahi kuiona. Ni msumeno wa mkanda: utepe wa chuma wenye meno, unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Mikanda iko ya aina nyingi, na kuichagua ndilo somo la kwanza alilonipa mumeo.

"Ubao mnene unataka meno machache, makubwa, ili unga wa mbao upate pa kutokea," aliniambia. "Meno madogo ni ya mbao nyembamba. Ukikosea hapo msumeno utagoma, na wewe utalazimisha."

Siku ile tulikuwa na mbao nene za mgrivelia kutoka Nkoaranga, za kutengenezea mabenchi ya kanisa. Akanituma dukani. Nikauona mkanda wenye meno mengi, unang'aa, nikajiambia meno mengi ndiyo makali. Nina miezi minne tu ya ufundi, dada, na tayari nilikuwa najua kuliko mwalimu.

Nilipokwisha kuufunga ndipo nikakumbuka maneno yake. Shemeji akaingia, akauliza, "Umechukua wa meno machache?" Unajua macho yake siku hizi hayaoni karibu, na miwani alikuwa ameisahau nyumbani. Nikaona aibu kurudi dukani.

Nikasema, "Ndiyo, shemeji."

Ubao ulikwenda kama shubiri moja ukagoma. Ukaanza kunuka moshi. Shemeji akauegemea kwa nguvu zake zote, kwa sababu aliniamini. Ubao ukapasuka ghafla na mkono wake ukapita kwenye meno.

Hospitalini nilikaa kando ya kitanda chake. Yeye ndiye aliyesema, uso ameugeuzia ukutani: "Ule mkanda utupe, Isaya. Dada yako mwambie ni fundo." Basi anajua. Angenitukana ningelala usingizi.

Juzi akaja mzee wa Nkoaranga aliyetuuzia ule mti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa shida.

"Kijana, kule kwetu wanasema mti wangu umemkata mtu," akasema. "Mti ule nimeupogoa mwenyewe toka ukiwa mche, ndo usiwe na fundo. Hebu nionyeshe hilo fundo."

Nikamwambia tumeshauchoma. Uongo mwingine, na ubao ulikuwa nyuma ya mlango. Akachukua kofia yake akaondoka.

Alipoondoka nikaenda dukani kununua mkanda wa meno machache, nikaufunga, nikaupasua ubao wote vipande vyembamba, nikivigeuza kimoja kimoja kwenye mwanga. Nilitamani kuliona hilo fundo kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Halikuwamo. Ni mti safi mwanzo hadi mwisho, kama alivyosema mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada nitapanda Nkoaranga na kipande kimoja, nimpe mkononi na kumwambia ukweli. Lakini nimetaka wewe uujue kwanza.

Nisalimie mama, na mama mkwe wako ambaye najua hajaacha kumwombea mwanawe. Mwanao Upendo mwambie baba yake anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zimekuwa kama za darasa la kwanza, kwa hiyo barua yake ikifika asimcheke.

Shemeji ataendelea kukwambia ni fundo, maana ndivyo alivyo. Usimbishie. Ila mimi ukiniwekea fundo moyoni, dada, sitakulaumu. Hilo litakuwa la kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Isaya