Vile Vidude Ulivyoongeza Kwenye Mashine Namba Tatu

Mpendwa dada Zuhura,

Sijui nianze na salamu au na lawama. Nimeianza barua hii mara nne, na kila mara najikuta nakuuliza maswali kabla hata sijakujulia hali. Basi pokea salamu kwanza. Ni mimi Anjelina, yule msichana wa Bahi uliyemfundisha kushika kipanya pale kwenye duka la intaneti karibu na soko, Dodoma, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na kila aliyepunguzwa kazini akitafuta biashara yake. Tajiri wetu naye alikuwa amepunguzwa. Akanunua kompyuta sita zilizotumika na dishi la mtandao, akatuajiri sisi wawili. Ulinizidi miaka minane. Nilikuita dada tangu siku ya kwanza, na sikumbuki kama niliwahi kukuita jina tupu.

Unamkumbuka Mzee Yoramu, mstaafu wa reli? Alikuja kumwandikia mwanawe aliyekuwa Botswana, ambaye walikuwa hawajasemezana kwa muda mrefu. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, karibu saa nzima. Alipofika kwenye jina lake umeme ukakatika. Uliporudi, ukurasa ulikuwa mweupe. Akaandika tena, ukakatika tena. Mara ya pili hakulalamika. Alivua kofia, akaishika mapajani, akasema, "Labda Mungu hataki nimwombe msamaha huyu mtoto."

Wewe ulikasirika, sijui ulimkasirikia nani. Wiki hiyohiyo mwanafunzi mmoja wa chuo alikuletea kivinjari kipya kwenye sidii, akakuonyesha kwamba kinaweza kuongezewa vidude, kila kimoja na kazi yake. Mimi sikuelewa. Nilidhani kivinjari ndiyo intaneti yenyewe. Ukacheka, ukaniambia, "Anje, kivinjari ni jiko. Jiko tupu linapika, lakini ukiwa na mwiko na mfuniko utapika vizuri zaidi. Hivi ni miwiko na mifuniko."

Ukaongeza kimoja cha kuzuia matangazo, yale yaliyokuwa yakirukaruka na kuumeza mtandao wetu mwembamba, na kurasa zikaanza kufunguka kabla mteja hajapiga miayo. Kingine kilihifadhi ukurasa mzima ili mtu ausome hata dishi likigoma; walimu walikipenda hicho. Kingine kilipigia mstari mwekundu maneno ya Kiswahili yaliyokosewa, nacho kilinitesa mimi, maana Kiswahili changu cha shuleni kilikuwa bado kinanuka Kigogo. Lakini ulichokitafuta hasa, ukakaa siku mbili unakihangaikia, ni kile kilichoweka kila neno mtu analoandika, papo hapo, ili umeme ukikatika maneno yasipotee.

Mzee Yoramu aliporudi, umeme ukakatika kama kawaida yake. Ulipowaka ulibonyeza mahali pawili tu, barua yake yote ikatokea, mpaka na ile nukta ya mwisho. Alikutazama wewe, akaitazama mashine. "Kumbe na yenyewe ina huruma," akasema. Mwanawe alijibu baada ya siku tatu. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyoipenda kazi ile.

Kulikuwa na kidude cha tano. Kilikuwa kwenye mashine namba tatu peke yake, ile ya dirishani, kinakuza herufi mpaka zinakuwa kubwa kama za bango la barabarani. Nilikuuliza ni cha nini. "Cha wazee," ukasema. Niliridhika. Wewe ndiye uliyependa kukaa hapo, na hata hilo halikunishangaza. Nilidhani unapenda dirisha. Mtu anakaa na mwenzake siku nzima, anakula naye makande kwenye sahani moja, halafu haoni kitu. Hata leo sielewi nilikuwa natazama wapi.

Ijumaa moja ulitoka kwenda kuswali. Ukiwa mlangoni ukasema, "Nikitoka msikitini napitiliza Kondoa kumwona mama. Jumatatu nitakuwa hapa." Jumatatu ikaja, na nyingine ikaja. Tajiri akasema umeolewa Babati. Jirani yetu muuza vitenge akaapa kwamba umekwenda Oman. Simu yako haikuita. Mimi nilikasirika, nikaogopa, nikakasirika tena.

Mwezi ukapita. Siku hiyo dada mmoja alikuwa anajaza maombi ya chuo cha uuguzi kwenye mashine namba tatu, ukurasa ukamtoroka, nikafungua kile kidude cha kutunza maneno nimtafutie yake. Niliyapata. Chini yake nikakuta maneno yako.

Naapa sikuwa nakuchunguza. Lakini jina langu lilikuwa pale juu: "Anje mdogo wangu." Lilirudiwa mara sita. Ulikuwa umeniandikia mara sita na hukutuma hata moja. Moja ilisema umenijazia maombi ya chuo cha ualimu Morogoro, nikiitwa niende, nisimngoje mtu. Nyingine zilikatika katikati ya sentensi. Moja ilisema, "Njoo Kondoa, nina jambo la kukuambia, siwezi kulisema dukani." Na moja ilikuwa fupi kuliko zote: "Usije. Hata nikikuita, usije." Kidude kilikuwa kimetunza maneno yote, lakini hakikuonyesha lipi lilitangulia. Nilizipanga hivi, nikazipanga vile. Ukianza na "usije" ukamaliza na "njoo", wewe ni mtu aliyebadili mawazo na ananihitaji. Ukigeuza, wewe ni mtu mwingine kabisa.

Nikapanda basi la Kondoa. Barabara ile kabla ya lami unaijua; tulipita Msalato asubuhi, na nilipofika kwenu nywele, nyusi na kila kitu vilikuwa rangi ya vumbi. Nikapiga hodi. Mama yako akanikaribisha, akanipa maji ya kunawa, akatandika mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Anjelina. Zuhura hajambo huko Dodoma?"

Dada, nilikuwa nimefungua mdomo nimuulize uko wapi. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe hayupo kwake wala hayupo kwangu? Nikasema, "Hajambo, mama. Anakusalimu sana." Akaitikia, akaenda kuniletea chai. Niliinywa harakaharaka, nikaaga. Njia nzima ya kurudi nilijiambia kwamba kesho nitarudi nimweleze ukweli. Sikurudi. Barua ya Morogoro ikaja, nikaenda chuo, na kila nilipojisifu kwamba nimeendelea nilikumbuka kwamba nimemdanganya mama wa mtu juu ya mtoto wake.

Nilirudi Kondoa baada ya kumaliza chuo, miaka miwili baadaye. Safari hii sikungoja chai. Nilipiga magoti hapohapo uani, nikamwambia, "Mama, siku ile nilikudanganya. Zuhura hakuwa Dodoma. Sijui aliko mpaka leo."

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. "Najua," akasema. "Zuhura hajawahi kunitumia salamu tupu. Akinisalimu lazima aulize goti langu. Salamu ile peke yake ingetosha kukuumbua."

"Sasa mbona hukunisema?"

"Kwa sababu na mimi nilikuwa nakudanganya. Siku ile Zuhura alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Tulidanganyana, mwanangu, kwenye mkeka mmoja."

Ulikuwa ndani! Ulinisikia nikikutolea salamu ambazo hukunituma. Nilimwuliza mama yako kwa nini, ndipo akanieleza habari ya macho. Presha ya macho, iliyoanza kabla hata sijaajiriwa. Daktari alikwisha kukuambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba na kile kilichobaki kinakwenda. Ile mashine ya dirishani, zile herufi za bango, vilikuwa vyako. "Alisema ukijua utaacha chuo uje kumshika mkono," mama yako akasema. "Na alisema pia kwamba anatamani uje umshike mkono. Asubuhi hivi, jioni vile. Mimi mwenyewe alinichanganya."

Niliporudi mara hii ya pili ulikuwa umeshakwenda kuishi kwa ndugu wa baba yako, na ulikuwa umemwapisha asiniambie ni mji gani. Alikishika kiapo chake. Miaka mitatu baadaye niliposikia kwamba amefariki nilikwenda kuhani, nikakukosa. Ulikuja kuzika, wakasema, ukaondoka na gari la asubuhi. Nyumba ina wapangaji sasa. Wamenipokea vizuri, lakini hawamjui Zuhura yeyote.

Basi mimi leo ni mwalimu, nina watoto wawili, na bado sijui nikushukuru au nikugombeze. Ningeacha chuo? Labda ningeacha. Labda ulinijua vizuri kuliko nilivyojijua. Lakini nani alikupa ruhusa ya kunichagulia? Halafu nikishasema hivyo nakumbuka kwamba mimi nami nilimchagulia mama yako asikie nini, na hasira yangu inakosa pa kukaa.

Siku hizi vivinjari vina kidude cha kusoma ukurasa kwa sauti. Nimekijaribu kwenye barua hii. Kinakisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana, kinaiita Bahi sijui nini, na pale kwenye mkeka wa mama yako kinapita haraka bila hata kupumua. Ndiyo maana nimeiweka barua wazi mtandaoni, mahali ambapo yeyote anaweza kuikuta. Wewe unayeisoma, kama jirani yako, au mke wa mjomba wako, ni dada wa Kondoa asiyeona, aliyewahi kufanya kazi ya kompyuta Dodoma, kaa naye umsomee kwa mdomo wako. Usikimbie.

Na wewe dada, zile barua mbili sijaweza kuzipatanisha. Kama jibu lako bado ni "usije", sitalipokea kwa maandishi tena. Nipigie, namba yangu ni ileile, uniambie mwenyewe. Nikishajua umepiga kutoka mji gani, utasema usije, nami nitakuwa nafunga begi.

Mdogo wako anayekutafuta,
Anjelina