Furaha amechagua gereza

Furaha amekubali kazi ya gereza! Binti yangu, infirmière wangu, na diplome yake nzuri vile, anaenda kutibu wafungwa.

Basi, shajara yangu, habari ya jioni. Leo ni siku ya ine, mvua inanyesha Bunia tangu asubuhi, na roho yangu iko chungu kama kinini.

Mimi nilisoma mpaka ya sita primaire tu. Lakini mutoto nilizaa! Mu avenue yetu yote hakuna mwenye kupiga sindano kama yeye. Watoto wanaanza kulia wakati sindano imekwisha kutoka. Sijisifu, ni kweli tu.

Kazi mbili zilimutafuta pamoja. Moja ilikuwa ya nyumbani: kuchunga muzee mumoja, commerçant, mufanya biashara aliyetoka Butembo, upande moja wa mwili wake ulikufa. Kumupima tension ya damu, kumugeuza ku kitanda, kumusafisha kidonda. Nyumba ya carreaux zinazong'aa chini, mulango wa chuma, heshima mingi. Ya pili ni hiyo buloko, gereza.

Mimi nilichagua mbele yeye hajachagua, nikaambia bibi wa muzee ndiyo. Jana akatuma jogoo ya asante, nikaipika siku ile ile, nikaita mamans wa korali, tukakula tukiimba. Kwetu, ukikula jogoo ya mutu umekwisha kutoa neno lako.

Furaha hakukula.

Akasema, "Maman, muzee iko na watoto wa kumugeuza. Kule ndani watu wanaoza na upele, na infirmière ni mumoja tu."

Nikamuuliza kama amesahau kijiji chetu, Bule. Watu wa silaha walichoma nyumba yetu, tukatoka na sufuria moja, yeye nikimukokota kwa mukono. Watu wanasema wengine wa wale wako humo ndani. Mukono niliofundisha kushika kijiko, leo uwafunge bandeji?

"Maman, ku site ya wakimbizi, yule infirmière aliyekutibu homa, alikuuliza kwanza weye ni mutu wa upande wa nani?"

Nikaanza kuosha sahani zenye zilikuwa safi.

Leo nimebeba jogoo ingine, kubwa kuliko ile, nikaipeleka kwa muzee mu mvua, ili nirudishiwe neno langu. Bibi wa muzee hakunikaribisha hata kiti. Akacheka: "Mama Furaha, kumbe binti yako anapenda wauaji kuliko muzee wangu?"

Ni kama maneno yangu mwenyewe ya jana! Lakini mu kinywa chake yalinichoma.

"Binti yangu anapenda kazi yake," nikamujibu. "Na weye hautapata mwingine kama yeye."

Nikatoka bila kuaga, kikwembe kimelowa mpaka ndani.

Usidanganyike, shajara. Kasirani ingali mu roho. Sijasamehe mutu. Akichelewa kurudi nitasimama ku mulango, na mu korali wamekwisha kuanza kunong'ona.

Lakini kwetu, mutoto akipata kazi ya kwanza, jamaa inakusanyika, na mama ndiye anamumwagia maji ku mikono ili kumubariki. Hakuna mwingine wa kufanya hivyo mu nafasi yangu. Sasa aingie kule na mikono mikavu?

Hapana. Nitaimwaga hiyo maji, hata nikinuna.

Nimekwisha kupigia simu mujomba wake wa Kpandroma. Mamans wa korali nimewaita pia, hata wenye kunong'ona. Nitapika pondu na muchele. Wote wanakuja siku ya Mungu, nyuma ya misa.