Kapinga, Uji, na Mama Mkwe Wangu

Jumamosi, alasiri. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikapiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa kelele ndani ya nyumba, kisha saa tisa ikaacha ghafla. Sasa jua ni kali na uwanja wetu hapa mtaani Bel-Air ni udongo mwekundu unaovuta viatu. Nimekaa atelye, karakana yangu, kati ya friji mbili zilizofunguliwa migongo, na shati langu lina uji begani, uji kifuani, na uji mwingine sijui ulifikaje mgongoni.

Sitaki kulivua bado.

Kapinga amekula.

Kwa wasiotujua: Kapinga ni binti yetu, ana miezi sita na wiki moja. Jina ni la mama yangu. Mimi ni fundi wa friji, natengeneza hapa hapa nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye ninayebaki naye mke wangu Zaina akisafiri. Zaina hununua samaki waliokaushwa kule Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, anawaleta kuuza hapa mjini. Safari hii alitoka siku moja tu baada ya Kapinga kutimiza miezi sita.

Kapinga amelelewa kwa maziwa ya kopo. Wiki ya pili baada ya kuzaa, Zaina alipata jipu kubwa kwenye titi, akapasuliwa, akalala hospitali siku nyingi na homa, na aliporudi nyumbani maziwa yalikuwa yamekauka. Tulijaribu kila kitu tulichoambiwa, majani, supu, maji mengi. Hayakurudi. Nilijifunza kuchemsha maji, kupima vijiko vya unga, kuosha biberoni, chupa ya kunyonyea, mpaka vidole vikakunjamana. Hiyo si siri. Kinachoniuma ni maneno ya watu. Mama mmoja sokoni alimtazama Kapinga mgongoni kwa Zaina, akasema, "Oh, huyu ni wa kopo?" kama anazungumzia samaki wa dukani. Zaina alicheka. Alipofika nyumbani hakuongea mpaka jioni.

Kwa hiyo siku ya kupima uzito, muuguzi aliposema mwezi huu mtoto ameongezeka kidogo tu, nilihisi soko lote limenigeukia. Muuguzi mwenyewe hakutishika. Alisema ni wakati wa chakula: uji mzito usiotiririka, boga au viazi vilivyopondwa, kijiko kidogo, polepole, na maziwa yaendelee kama kawaida. Turudi baada ya wiki mbili tuone.

"Usiningojee," Zaina aliniambia asubuhi ile akipanda lori. "Njaa ya mutoto haingojeake kamio."

Niliona ni kazi ndogo. Mtu anayeweza kufufua friji ya miaka ishirini atashindwa na kijiko?

Nilishindwa.

Siku ya kwanza nilimpa uji wa mahindi na soya. Akautema. Siku ya pili boga. Akautazama mkono wangu kwa huruma na kufunga mdomo. Siku ya tatu kiazi kitamu, siku ya nne ndizi, siku ya tano uji tena na karanga kidogo iliyosagwa laini. Niliimba. Nilinguruma kama friji inayowaka, maana huo mlio anaupenda. Alicheka, lakini ajabu ya mtoto huyu ni kwamba anaweza kucheka akiwa amefunga midomo. Nikileta biberoni, mdomo wazi mara moja, macho yananiambia: si ungesema tangu mwanzo?

Na sasa nikiri jambo ambalo Zaina atalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Alhamisi nilichoka. Nilikuwa nimekaa jikoni na sindano niliyoichoma moto, nataka kupanua tundu la chuchu ya biberoni ili nichanganye uji na maziwa, anywe bila kujua, nami nimpigie Zaina simu nimwambie, "Anakula." Muuguzi alikuwa ametukataza kabisa kufanya hivyo, anaweza kupaliwa. Nilijua. Na bado sindano ilikuwa mkononi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na mama mkwe wangu akaingia na kikapu chake. Zaina ndiye aliyemwomba aje, bila kuniambia.

"Baba Kapinga, iyi sindano ni ya kufanya nini?"

Nilimweleza. Sikuweza kudanganya. Aliichukua sindano polepole, akaichoma kwenye kilemba chake kama mtu anayehifadhi kitu chake mwenyewe, akasema tu, "Ile tutashonea nguo." Hajaitaja tena.

Lazima nieleze kuhusu ukwe. Mama Zaina ni mwanamke wa Kiislamu, wazee wake walitoka Maniema. Mimi wazazi wangu ni wa Kasai. Na kwetu, jinsi nilivyolelewa, mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Humtazami akitafuna, hakutazami ukitafuna. Ni heshima. Baba yangu aliishika miaka yote. Kwenye harusi moja nilimwona akiwa na paja la kuku mkononi, bibi yangu, mama mkwe wake, akatokea ghafla, na baba akalificha paja ndani ya mfuko wa koti la suti. Mama yangu aliifua suti ile mara tatu.

Basi tangu Alhamisi tumeishi hivi: yeye anakula jikoni, mlango amefunga. Mimi nakula atelye, nimesimama, Kapinga akishalala. Tukipishana na sahani, kila mmoja anatazama ukuta.

Naye Kapinga hakula kwa bibi yake pia. Ijumaa yote mama mkwe, ambaye namwita Mama, alijaribu, akamwimbia nyimbo ambazo hata mimi zilinitia hamu ya kufungua mdomo. Wapi.

Leo asubuhi, mvua ikipiga, Mama alikaa na Kapinga mapajani, kijiko kimeachwa mezani. Kisha akaniita. Nikasimama mlangoni.

"Baba Kapinga. Huyu mutoto, tangu Zaina aliendaka, alisha kuona muntu anakula?"

Nilianza kusema ndiyo. Nikahesabu siku.

"Weye unakulaka wapi?"

"Mu atelye, Mama."

"Saa gani?"

"Kama amelala."

"Na miye ninakula ku jikoni, mulango ninafunga." Alimtazama Kapinga usoni. "Njo vile. Anawaza bantu banaishi na mupepo."

Nilicheka kwa hao watu wanaoishi kwa kula upepo, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Hata kabla Mama hajaja mimi nilikula atelye, yeye akilala, na kabla ya safari Zaina alikuwa akila huku Kapinga amelala mgongoni kwake, uso kwenye kitambaa. Mtoto huyu amewaona watu wakiongea, wakifua, wakitengeneza friji. Kula hajaona. Sisi tunamletea kijiko usoni, yeye anaona ni chuma tu.

"Leo tutakula hapa," Mama akasema. "Sote. Mbele yake."

Nilikataa. Nilikataa kwa upole, lakini nilikataa. Nilimwambia siwezi, baba yangu angeinuka kaburini. Hakukasirika. Alisema, "Nasi kwetu heshima iko. Sikuombi uache yenu. Uliza bakubwa benu, pengine iko njia."

Mkubwa wangu aliyebaki ni shangazi yangu wa Mbuji-Mayi. Nilimpigia simu, nimejifunika na turubai uwanjani maana ndani mtandao haushiki. Nilimweleza yote: mtoto, kijiko, uzito, mama mkwe. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kama hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ukwe una mlango. Unampa mama mkwe kuku, mzima, kwa mikono miwili, umeinama. Akipokea, mmefungua. Mnakula.

"Na Baba je?" nikamuuliza. "Mbona yeye hakumpa bibi kuku?"

"Baba yako alikuwa mwoga wa mkwe wake," akasema shangazi. "Ile haikuwa heshima tu."

Miaka yote nilifikiri paja lile mfukoni lilikuwa sheria. Kumbe nusu yake ilikuwa woga.

Nilikimbia kwenye mvua mpaka kwa jirani anayefuga kuku, nikanunua jike mwekundu, nikarudi naye kifuani ndani ya koti, ananichuna kwa kucha. Mama alikuwa amesikia kila neno langu la simu, hata lile la kuku, maana nilikuwa napiga kelele kushinda mvua. Alikuwa amekwisha kujifunga kanga mpya na kukaa vizuri kitini, Kapinga pembeni yake kwenye mkeka.

Niliinama, nikanyoosha mikono miwili. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Sikumbuki hata moja, kwa sababu kuku alikurupuka kabla sijafungua mdomo. Alipita juu ya meza, akaangusha kifuniko cha sufuria, akaingia chini ya kabati. Mimi chini ya kabati nyuma yake. Mama anapiga makofi, "Kule! Kule!" Na Kapinga akaangua kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho, kinywa wazi chote, ufizi mtupu na jino moja dogo la chini linalochungulia.

Nilimkamata kuku kwa mguu. Nikamkabidhi. Mama akampokea kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi ya kucheka, akasema, "Nimepokea, mutoto wangu."

Siku zote ameniita Baba Kapinga. Leo mtoto wangu.

Alipika bukari, ugali wetu, na samaki, na sombe ya majani ya muhogo iliyobaki jana. Tulikaa mkekani, sahani katikati. Nasema kweli: nyaya za umeme hazijawahi kunitisha hivi. Nilikata tonge, nikalichovya, nikageuza shingo kidogo upande wa dirisha, nikala. Dunia haikuanguka. Nikasikia mama mkwe wangu anatafuna. Anatafuna kwa nguvu huyu mama.

Kapinga alikuwa mapajani kwake. Kwanza alimtazama bibi, mkono kwenda sahani, mkono kwenda mdomoni, shavu linavimba, koo linapanda na kushuka. Kisha akanigeukia mimi. Alinitazama kama ninavyomtazama fundi mwingine akifungua mashine nisiyoijua. Nikakata tonge jingine, nikafungua kinywa.

Na yeye akafungua.

Hakuwa na kitu mkononi, hakuna aliyempelekea kijiko. Alifungua tu, kwa sababu sisi tulifungua.

"Usikimbie," Mama akaninong'oneza. "Kula, endelea kula."

Nilikula tonge la tatu huku macho yananichoma. Kapinga akainama mbele, akanishika kidole gumba, akakivuta kwake. Hapo Mama akachukua kibakuli cha mtoto, uji ule ule na boga, wala hakuongeza kitu, akachota ncha ya kijiko, akakishika mbele yake bila kukisukuma. Kapinga alikifuata mwenyewe. Akafunga midomo juu yake. Akakunja uso kama mzee aliyeonja dawa. Tukangoja.

Akameza.

Vijiko sita. Cha saba alikipiga mkono, ndio huu uji ulioko begani kwangu. Baadaye alikunywa biberoni yake nusu, taratibu, huku ananitazama, akalala.

Wakati nikiosha ile biberoni nilisema, sijui kwa nini, kwamba labda sasa tutaachana na aibu ya kopo. Mama aliacha kufagia.

"Aibu gani? Binti yangu alikuwa na homa, mutoto alikuwa na njaa, na maziwa iyi ilimulea mpaka anacheka na kuku. Sema asante kwa ile kopo."

Nilisema asante kwa kopo. Kwa sauti. Yeye alitaka nisikike.

Saa kumi Zaina alipiga simu kutoka Kasomeno, njiani kurudi. Barabara imeharibika, lori limezama mpaka mhimili wa magurudumu, wamelala huko usiku mmoja na watalala mwingine. Nilikuwa nimeogopa kidogo kumwambia, maana kijiko cha kwanza kimempita. Nilimweleza moja kwa moja: Kapinga amekula, vijiko sita, uji na boga, mkekani, mimi na Mama tukila mbele yake. Nikasikia watu wanasukuma lori nyuma yake, wanahesabu moja, mbili.

"Zaina?"

"Ngoja," akasema. "Ulikula mbele ya Mama?"

"Nilikula."

"Bukari?"

"Bukari na samaki. Nilimupa kuku, akanipokea."

"Na yee alikula mbele yako?"

"Alikula. Alinishinda."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kidogo katikati, nikajua analia pia. Akaniambia miaka minne ya ndoa amekuwa akipika sufuria mbili kila mama yake akija, na kupanga nani atoke saa ngapi, na hakuwahi kuniambia jinsi ilivyomchosha, kwa sababu aliiheshimu. Sikujua. Nilifikiri ni mimi tu niliyebeba uzito wa ukwe ule. Sikuwahi kuuliza nani anaosha sufuria ya pili.

Najua vijiko sita si ushindi. Kesho anaweza kufunga mdomo tena, na uzito utasema wenyewe tukirudi kwa muuguzi. Nitampa tena asubuhi, polepole, sitamsukuma. Na sindano haitakaribia biberoni.

Mama ananiita kutoka jikoni. Chai imeiva, kuna mandazi, na anasema Kapinga ameamka na amekwisha kumwona akila moja, kwa hiyo nije haraka kabla hayajaisha.

Mlango wa jikoni uko wazi. Naenda.