Lenzi Niliyoirudisha Desemba

Tarehe 6 Februari

Shemeji Pampu,

Hujambo, na dada yangu hajambo? Huku mke wangu amekohoa wiki nzima, lakini nguvu ya kunigombeza bado anayo, kwa hiyo tuhesabu kwamba wote wazima.

Picha ya mwezi hii hapa. Kanuni yetu naikumbuka: moja tu, ya karatasi, isafishwe studio, simu hairuhusiwi, na wewe uandike makosa nyuma kwa kalamu. Safari hii usihangaike kutafuta makosa. Huyo unayemwona ni mama anayeuza vifungo na nyuzi mlangoni pa duka langu. Nilimsimamisha kwenye mwanga, nikazungusha pete ya kulenga mpaka vidole vikachoka, sura haikai. Pua inakaribia kuonekana, masikio yameyeyuka kama sabuni. Alipoiona akasema, "Fundi, huyu ni mimi au mzimu wangu?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Za Januari zote ziko hivyo. Picha arobaini, hakuna hata moja ya kumpa mtu. Lenzi ni ile ile yangu ya milimita hamsini uliyoiazima kwa ajili ya mahafali ya binti yako, ukanirudishia Desemba. Miaka tisa imenipa picha kali kama wembe. Nayo, kama unavyoijua, haijilengi yenyewe, inategemea jicho la mtu. Sasa jicho lenyewe ndilo hili langu. Wewe ndiye uliyeniambukiza ugonjwa wa kamera, nitibu. Nakosea wapi?

Shemeji yako,
Futi

---

Tarehe 19 Februari

Shemeji Futi,

Salamu zako tumezigawana hapa nyumbani, kila mtu kapata. Dada yako mzima. Mimi mgongo tu. Juzi tumeshinda kisimani kutwa nzima tukivuta pampu iliyokwama, ikatoka yenyewe tulipokwenda kula.

Picha nimeiona. Nyuma nimeandika: "Mwanga mzuri. Umesogea karibu vya kutosha." Kuhusu huo ukungu, sababu ni nyingi. Kwanza mkono. Egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, shikilia pumzi ndipo ubonyeze. Halafu kasi, usishuke chini ya moja kwa mia mbili ya sekunde. Tundu la lenzi nalo lifunge kidogo, namba nane hivi.

Halafu usikasirike, shemeji, lakini miaka hamsini tumeshaivuka. Mtu aliyetunga uzi kwenye sindano tangu ujana wake, macho nayo yanachoka. Nenda kapime. Hakuna aibu.

Yangu ya mwezi ni matone ya maji kwenye bomba. Nikosoe bila huruma.

Shemeji yako,
Pampu

---

Tarehe 14 Machi

Shemeji,

Mnaendeleaje huko? Hapa mke wangu kikohozi kimemwacha, sasa ananigombeza kwa sauti yake kamili. Matone yako mazuri mpaka yananiudhi. Nimekosa la kukosoa.

Yote uliyoniambia nimefanya. Ukuta nimeegemea mpaka shati limechafuka chokaa. Nikaazima stendi ya miguu mitatu kwa jirani anayepiga picha za pasipoti, nikailenga cherehani yangu mwenyewe, chuma, haipepesi wala haipumui. Katikati afadhali kidogo. Pembeni maji matupu.

Nikaenda kwa daktari wa macho. Kanisomesha herufi zake zote ukutani, kanimulika, kaniambia, "Mzee, macho yako mazuri kwa umri wako. Hiyo miwani ya kusomea inakutosha."

"Mbona nikichungulia kwenye kamera sura haikai?"

"Hilo kamuulize anayejua kamera."

"Anayejua kamera ni shemeji yangu, na ndiye aliyenileta kwako!"

Akaita mgonjwa mwingine.

Simwamini. Yeye ana herufi zake ukutani, mimi nina picha sitini mkononi. Na sasa hofu imeingia kazini. Jana nilikuwa na koti la bwana mmoja mezani, nimeshachora, mkasi mkononi, nikaona kama mstari wa chaki ni miwili. Sijui ilikuwa miwili kweli au ni woga. Nilipima mara sita. Mimi! Watu wananiita Futi kwa sababu nilikuwa napima mara moja tu, namaliza.

Swali moja, nijibu kiume: hiyo lenzi ulipokuwa nayo, ilikuwa sawa?

Shemeji yako,
Futi

---

Tarehe 2 Aprili

Shemeji,

Poleni kwa yote, na sisi tupo. Nimechelewa kujibu, kazi zimenifunika.

Lenzi ilikuwa sawa mikononi mwangu. Jaribu daktari mwingine. Hawa wa siku hizi wanatazama saa kuliko jicho la mgonjwa.

Mwezi huu nakutumia ngazi ya kisima. Haina maana sana.

Shemeji yako,
Pampu

---

Tarehe 23 Mei

Shemeji,

Natumaini mko salama. Mimi nipo.

Picha hakuna. Ya Aprili haikuwepo, ya Mei haipo, na usiingojee ya Juni. Daktari wa pili kasema maneno yale yale ya wa kwanza, nikamwambia naona mmeambiana.

Meza ya kukatia nimemwachia fundi mwenzangu. Mimi nimebaki na vifungo, zipu na kupinda suruali. Hakuna aliyenifukuza, nimejitoa mwenyewe kabla sijamharibia mtu nguo. Picha ikikataa unaifuta. Kitambaa cha mtu ukishatia mkasi utakifuta na nini? Siku ya kwanza niliyokaa kwenye kile kigoda cha vifungo, mteja wangu wa miaka mingi aliingia, akanipita, akaenda mezani, kisha akageuka kunitazama. Afadhali angesema neno.

Kamera inakuja kwa dereva wa basi, pamoja na lenzi yake. Itumie wewe mwenye macho. Usinirudishie.

Shemeji yako,
Futi

---

Tarehe 30 Mei

Shemeji,

Leo sikuulizi hali. Hali yako naijua, mimi ndiye niliyekuweka humo. Nakuomba ukae chini usome mpaka mwisho, halafu ukitaka kuichana, chana.

Macho yako hayana kitu. Narudia: macho yako ni mazima. Mbovu ni lenzi, na aliyeiharibu ni mimi.

Baada ya mahafali nilikuambia bado naitumia. Uongo. Niliisahau ndani ya sanduku la vifaa, kwenye chumba cha pampu, miezi mitatu. Chumba kile kuta zinatoka jasho mwaka mzima. Desemba ulipoiulizia nikaitoa, nikaimulika kwa tochi, nikaona kuvu imeota ndani, nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Nikaogopa. Nilijua utanisema mbele ya dada yako, na haki ungekuwa nayo.

Hapo ningempelekea fundi wa kamera, yangekwisha. Lakini nikajiambia, mimi nafungua pampu zinazonizidi kimo, nitashindwa na kitu kinachoingia kwenye kikombe? Nikaifungulia mezani jikoni, dada yako katoka. Unajua nikifungua pampu kila kipande nakitia alama ya chaki kabla hakijatoka, nijue kilikuwa kinatazama wapi. Siku ile nikaona haya kutia chaki kwenye kioo. Vioo vitatu vikateleza kwenye taulo kwa mpigo mmoja. Viwili nilivitambua. Cha tatu kimevimba pande zote mbili, upande mmoja umezidi kidogo tu. Nikakigeuza, nikakitazama, nikakigeuza tena. Nikakirudisha kwa kubahatisha. Nikapiga picha moja dirishani, pembeni pamelegea, nikasema ah, ni giza. Nikaifuta vizuri, nikaifunga kwenye kitambaa safi, nikakuletea na asante nyingi.

Picha ya yule mama wa vifungo ilipofika, nilijua kabla haijatoka yote kwenye bahasha. Nikaandika "mwanga mzuri".

La macho sikulisema kwa bahati mbaya. Nilitafuta sababu ambayo hutaweza kuifungua ukaichungulia. Na uliponiuliza kiume nikakujibu "mikononi mwangu", nikajiona nimecheza na maneno, kwani siku naipokea ilikuwa sawa kweli. Nilidhani utaudhika mwezi mmoja, utatafuta lenzi nyingine, basi. Meza yako sikuifikiria hata siku moja.

Mzigo ulifika Jumanne. Aliyeufungua ni dada yako. Barua yako kaisoma amesimama.

"Kaka anasema haoni."

"Ndiyo."

"Mbona herufi zake ndogo kama sisimizi, na mstari haukupinda hata mmoja? Asiyeona anaandika hivi?"

Nikaanza kukunja karatasi ya mzigo.

"Mume wangu, umefanya nini?"

Hakuuliza kaka kafanya nini, aliuliza mimi. Miaka ishirini na mbili kwenye ndoa, ananijua. Nikamweleza. Nilingoja kelele, sikuzipata. Alisema, "Sare yangu ya kwanza ya shule aliikata yeye. Wewe umemtoa mezani kwa sababu uliona aibu kusema pole." Akachukua mto wake akahamia chumba cha binti yetu. Mpaka leo yuko huko, chakula ananiwekea, maneno hapana.

Jana nilimpelekea fundi wa kamera. Kaifungua, kacheka. "Nani kakigeuza hiki kioo?" Nikasema mimi. "Unafanya kazi gani?" Nikamwambia. "Basi baki huko huko." Dakika kumi, kamaliza. Nimepiga jiko letu, kila mkwaruzo wa sufuria unauhesabu. Picha hiyo naitia humu uione kwa macho yako, na kamera inarudi kwa dereva yule yule.

Rudi mezani, shemeji. Ukiweza kunisamehe, nisamehe. Usipoweza, rudi mezani hivyo hivyo.

Mimi niliyekukosea, shemeji yako,
Pampu

---

Tarehe 4 Julai

Shemeji,

Sijui kama naruhusiwa kukusalimu. Nakusalimu.

Dereva anasema mzigo aliupokea mkeo, kwa hiyo najua umefika. Dada yako akikupigia unamjibu, akinitaja mimi unamwambia una kazi. Nilitaka kumwandikia fundi mwenzako nimweleze yote, akurudishie meza. Dada yako akanizuia: "Umeshamsemea vya kutosha."

Picha situmi. Sijapiga.

Shemeji yako,
Pampu

---

Tarehe 17 Agosti

Pampu,

Sisi wazima. Dada yangu namjua kuwa mzima, nimeongea naye jana.

Barua yako niliichana. Mke wangu akaokota vipande, akavibandika kwa selotepu, akanisomea kwa sauti nikiwa nimempa mgongo. Alipofika kwenye "mwanga mzuri" nikamwambia aache, akaendelea tu.

Lenzi haijaniuma. Ungeniambia Desemba ile ile ningekutukana siku mbili, ya tatu tungeipeleka kwa fundi pamoja. Kinachoniuma ni kwamba watu wawili walioniambia kweli niliwaita waongo, nikakushika wewe. Tena nilikuwa nakuombea, eti angalau nina shemeji anayeniambia ukweli hata kama unauma.

Kamera nimeijaribu. Ni kali. Nimeiweka.

Sasa sikiliza la meza. Fundi mwenzangu aliniachia bila ubishi, akasema alikuwa anangoja. Nikatandaza kitambaa cha mteja, nikachora, nikashika mkasi. Haukushuka. Mistari naiona, na hata ungetaka nikuhesabie nyuzi za kile kitambaa ningekuhesabia. Mkono ndio umekataa. Nikasimama pale nusu saa, mteja ananitazama akidhani nafikiria mtindo. Mwisho nikamwita mwenzangu akakata yeye, mimi nikarudi kwenye kigoda. Wiki sita sasa, kila asubuhi najaribu, kila asubuhi nakwama. Lenzi umeitengeneza, hongera. Hii nyingine haina fundi wa dakika kumi.

Nimefikiri mpaka nimechoka, na nimeona hivi. Nahitaji mtu wa kumkatia nguo bila kuogopa kumharibia. Wateja siwezi. Mke wangu amekataa, anasema yeye hajafungua lenzi ya mtu. Basi utakuja wewe. Panda basi la Ijumaa, njoo na kitambaa cha suti, kizuri kabisa, usithubutu kuniletea mabaki. Nitakikata mbele yako, suti nzima, koti na suruali. Mkono mmoja ukija mfupi, utavaa. Suruali ikikubana, utapanda nayo basi hivyo hivyo, na watu wakikuuliza nani fundi wako utanitaja kwa sauti. Na ikitoka vibaya utakuja tena na kitambaa kingine, na kingine, mpaka mkono huu ukubali.

Kamera usije nayo. Na maneno ya kuniomba radhi yaache huko huko, nimeshayasoma. Kipimo chako sina. Nitakupima ukifika, na utasimama wima, mikono umeinyoosha, mpaka nimalize, hata nikikawia.

Shemeji yako,
Futi