Zamu ya Usiku, na Jibu Langu Kuhusu Mtoto

Nyumba za Wauguzi,
Mlango wa tisa, nyuma ya hospitali.
Alhamisi, tarehe 16 Mei.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia kweli, au umeiweka kabatini ikutibu kwa mbali? Sisi huku wazima, ila mimi na usingizi tumeachana kwa muda. Usishangae kuona hapo juu kabisa, kabla ya anwani, kuna maneno yaliyokatwa kwa kalamu na sahihi yangu pembeni. Nitakueleza.

Hii ni wiki yangu ya tatu ya zamu ya usiku. Naingia wodini saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Chuoni walitufundisha mengi, lakini hakuna aliyeniambia kwamba ikifika saa kumi alfajiri miguu inakuwa ya mtu mwingine, wala kwamba mtu anaweza kusinzia wima, kipimajoto mkononi.

Mchana naziba dirisha kwa blanketi na kulala vipande vipande. Jirani yetu seremala ameahidi kutopiga misumari kabla ya saa saba. "Asubuhi nitapiga randa tu, Mama Chiriku," akaniambia, "randa si inabembeleza?" Haibembelezi.

Chiriku wako mdomo bado haufungi. Usiku analala na baba yake, na nikirudi asubuhi, kabla hajaenda chekechea, ananidaka mlangoni: "Mama, leo usiku ni wako au wangu?" Juzi nilimkuta amemfunika mdoli gubigubi mchana kweupe, anamwambia, "Nyamaza. Mama yuko zamu hata akiwa ndani." Nilicheka, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa nije kwenye barua yako. Umesema uje umchukue mtoto, ukae naye mpaka nitakapozoea kazi. Najua umesema kwa mapenzi, na barua ilinikuta siku mbaya.

Jumatatu usiku nilikosea. Ilipopita saa sita nilisahau kwamba siku imegeuka, nikaendelea kuandika tarehe ya jana kwenye karatasi ya vipimo ya bibi mmoja wa kitanda cha sita. Kila saa nilimpima joto na presha, lakini asubuhi daktari akasoma, akauliza mbele ya wote, "Huyu bibi toka saa sita hakuna aliyemtazama?" Bibi mwenyewe ndiye aliyenitetea: "Amenitazama mpaka nimechoka kutazamwa."

Daktari alipoondoka nikachukua wino mweupe nifute. Msimamizi wetu, tunayemwita Bi Saa kwa jinsi asivyobandua macho kwenye saa yake, akanishika mkono. "Hapa hatufuti, mwanangu. Piga mstari mmoja, kosa lisomeke. Andika la kweli pembeni, utie sahihi." Basi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniliza njiani.

Nikafika nyumbani, barua yako iko mezani. Nikachukua karatasi hii, na bila hata salamu nikaandika: "Mama Mdogo nakubali, njoo umchukue." Nikalala.

Nilipoamka nilikuwa nakuwaza wewe na mama. Ulinilea miaka mitano dada yako alipokuwa kazini mbali, na sikukosa chochote kwako. Lakini siku aliyokuja kunichukua nilimwamkia kama mgeni, nikajificha nyuma ya sketi yako. Wewe ulikuwa unanitazama mimi. Mimi nilimwona yeye usoni, na ule uso sijausahau. Sikulaumu, Mama Mdogo. Ila siwezi kuuvaa.

Ningeweza kuchana karatasi nianze nyingine, usijue kitu. Nimeona heri ujue kwamba kwa asubuhi moja nilikubali. Nimepiga mstari mmoja, nimetia sahihi, na la kweli ni hili: mtoto anabaki hapa. Tafadhali tusilirudie hata kwa simu. Ukitaka kunisaidia, goti likiruhusu, njoo wewe. Kitanda kipo, na maneno ya Chiriku yanatosha watu wawili.

Zamu ni usiku saba, halafu napumzika nne. Nimemchorea kwenye kalenda: duara jekundu ni usiku wangu, la buluu ni wake. Anayahesabu kwa kidole, na akikosea anarudia.

Nisalimie Mjomba, mwambie redio aliyonitengenezea bado inaimba. Nisalimie wifi na wale mapacha wake, na Babu, umsomee barua hii polepole ila hapo pa kulia upite haraka. Mungu akupe miguu myepesi na usingizi mzito, wa kwako na ule ninaokosa mimi.

Naishia hapa. Leo duara ni la buluu, na mwenye usiku wake ananiita.

Wako akupendaye,
Mwanao, Mama Chiriku