Mashimo Uliyoyaona Ukanyamaza

Mpendwa Mjomba,

Siku tuliyokuzika, kabla jeneza halijaondoka nyumbani, imamu aliwaomba watu wakusamehe. Sauti yake ilitufikia sisi wanawake kule ndani tulikokaa. Wote waliitikia kwamba wamekusamehe, hata mke wako, ambaye alikuwa na sababu za kutosha za kusita. Mimi nilifunga mdomo. Mama alinitazama, na tangu siku ile, kila nikitoka Likombe kwenda kumjulia hali, ananiuliza swali lilelile: "Mjomba wako alikukosea nini?" Kesho ni arobaini yako, na anataka jibu kabla watu hawajakaa kusoma hitma. Naandika ili nijue nitamjibu nini.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na neno lako la kwanza juu yangu lilikuwa jema. Nilikuwa darasa la sita. Mama alitaka nikitoka shule nibaki nyumbani kumsaidia. Ukamwambia, "Huyu kila kitu anataka kujua kina nini ndani. Niachie mimi." Ukanipa kigoda kando ya meza yako ya ufundi pale Magomeni ya huku kwetu, na nguo zangu za shule zikaanza kunuka moshi wa lehemu.

Ulinifundisha konveta, kifaa cha kupandisha volti, kabla sijajua kwamba inaitwa hivyo. Ulichora koili, swichi, dayodi na kapasita kwenye kipande cha boksi la sabuni. "Ukifunga swichi, koili inashiba. Ukiifungua, inatema, na inatema kwa nguvu kuliko betri iliyoilisha." Nikakuuliza ni nani anayeifunga na kuifungua haraka namna hiyo. "Transista. Wewe ukijaribu kwa kidole utazeeka." Miaka mingi baadaye, chuoni, mwalimu aliandika mlinganyo wa konveta ubaoni: kadiri swichi inavyokaa imefungwa kwa muda mrefu zaidi katika kila mzunguko, ndivyo volti zinazotoka zinavyopanda. Wenzangu walikuwa wananakili. Mimi nilikuwa nasikia sauti yako. Hilo sijawahi kumficha mtu.

Niliporudi na cheti changu, wakulima wa kijiji kile cha mbele ya Naliendele walikuja kwako kutafuta kifaa cha kupandisha umeme wa betri zao, kutoka volti kumi na mbili hadi ishirini na nne, ili pampu za kumwagilia mboga zifanye kazi. Ukanionyesha kwa kidevu. "Mwulizeni injinia."

Nilitengeneza maboksi matatu. Nilikokotoa ukubwa wa koili, nikakokotoa joto la transista, na kwa sababu ya joto hilo nikatoboa mashimo madogo ubavuni ili hewa ipite. Ulichukua boksi moja, ukaliinua kwenye mwanga, ukapitisha kidole juu ya yale mashimo.

"Umetoboa vizuri," ukasema. "Safi sana."

Nilifurahi siku nzima, Mjomba. Siku nzima.

Wewe ndiye uliyekwenda kuyafunga kijijini. Ulijua kwamba kule kitu cha thamani hakiachwi nje. Kinafungiwa stoo pamoja na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, maana salfa nayo huibwa. Mimi mtoto wa mjini sikuwahi hata kuifungua stoo ya mkulima. Msimu wa kupuliza ulipofika, ule unga wa njano uliingia kwenye mashimo yangu, ukakutana na unyevunyevu wa huku kwetu, shaba ikawa nyeusi, miguu ya vifaa ikaliwa. Pampu zikazima moja baada ya nyingine. Bustani zikakauka.

Tukaitwa kijijini. Mzee mmoja aliweka boksi langu chini, karibu kabisa na miguu yangu.

"Mwanangu, boksi lako limesoma mpaka chuo kikuu, lakini kuvuta maji halijui."

Watu wakacheka. Nikakutazama wewe.

"Msimkasirikie," ukasema. "Bado anajifunza. Nipeni mimi nitayatengeneza."

"Si ungetengeneza wewe tangu mwanzo, fundi!" mwanamke mmoja akadakia. "Unatuletea mwanafunzi!"

Nawe ukacheka nao. Ni kicheko hicho kilichonifunga mdomo siku ya maziko.

Hakuna aliyeniulizia tena. Nilipata kazi ya kuingiza majina kwenye kompyuta katika ofisi moja, na kwa miaka miwili sikushika pasi ya lehemu. Niliamini ulichowaambia, kwamba bado nilikuwa najifunza.

Wiki tatu baada ya kukuzika, mkulima mmoja alileta boksi mojawapo kwa mke wako. Waya tu ulikuwa umekatika. Nikalifungua. Mashimo yangu yote ulikuwa umeyaziba kwa gundi. Transista ulikuwa umeiegemeza kwenye bamba la alumini lililotokeza nje, ili joto litoke bila vumbi kuingia. Na bodi nzima ulikuwa umeipaka rangi ya kucha, nyekundu, mpaka kwenye pembe, ili salfa na unyevu visiifikie shaba.

"Si ndivyo alivyofanya vitu vyote vya wakulima?" mke wako akaniambia. "Tangu wewe hujazaliwa. Rangi ananunua yeye, dukani wananicheka mimi: shangingi mzee!"

Kwa hiyo ulijua. Kidole chako kilipopita juu ya mashimo yale, ulijua.

Nimejaribu kukutetea. Transista yangu ya kwanza uliniacha niiunguze huku unaangalia, ukasema, "Sasa hutasahau." Labda hata hili ulidhani ni somo. Lakini ile iliungua mezani kwako, tukiwa wawili. Hii uliiacha iungue mbele ya kijiji kizima, kisha ukajitokeza kuizima. Na kuna jambo ambalo naona vibaya kuliandika. Wiki ile niliyokuwa nayamalizia maboksi, wateja walikuwa wakifika mezani kwako, wanakurushia salamu ya haraka, kisha wanauliza, "Yule binti yupo?" Niliuona uso wako. Nilidhani unajivunia mimi.

Kosa la mashimo ni langu, na sitatengeneza tena kifaa kabla sijaenda kuona kitakapokaa. Lakini ungeweza kusema neno moja tu, salfa. Na hukuwa mtu wa maneno machache.

Kesho nitamwambia Mama kwamba hukunikosea kitu, na kwamba nimekusamehe. Wewe ni kaka yake, na tangu uondoke hali chakula vizuri. Nitasema kwa sauti, wanawake wote wasikie. Watafurahi, watanishika mabega. Nami nitakaa katikati yao, najua ninachokijua, na sitasema. Hilo nalo nimejifunza kwako.

Pumzika utakavyoweza,

Mpwa wako